Mzigo, Kimo na Kona: Habari za Malori katika Nchi ya Ukambani

Habari nitakazokusimulia zilianza na lori moja lililoanguka. Nilikuwa na umri wa miaka 12, na shule zilikuwa zimefungwa. Mjomba wangu aliniombea nafasi juu ya lori la makaa lililokuwa likitoka kusini ya Kitui, nami nikapanda juu ya magunia pamoja na utingo na abiria watatu. Kwa macho ya mtoto palikuwa mahali pa fahari, maana niliweza kuona mapaa ya nyumba na matawi ya mibuyu chini ya miguu yangu. Tulipofika kwenye kona moja ya barabara ya vumbi, ambayo haikuwa kali hata kidogo, magunia yalianza kuegama upande wa kulia. Kamba zikalia. Dereva alijaribu kuurudisha usukani, lakini lori lililala ubavu polepole, kama ng'ombe anayejilaza kivulini. Utingo alivunjika mkono. Sisi wengine tulichubuka magoti tu, tukainuka weusi kwa vumbi la makaa.

Watu waliokuja kutazama walikata shauri mara moja: mzigo ulizidi uzito. Dereva alikana. Alisema kwamba gari lake lilitengenezwa kubeba tani 10, na makaa yale hayakufika hata tani 8. Hakuna aliyemsadiki, kwani shahidi mkubwa wa kumpinga alikuwa amelala pale pale magurudumu yakitazama angani. Nilikuja kujua baada ya miaka mingi, katika chuo cha ualimu, kwamba dereva yule alisema kweli. Lori lake halikuwa zito kupita kiasi, na bado lilianguka. Jambo hilo ndilo ninalotaka tulichunguze pamoja, na ili tulielewe vema yatupasa kurudi nyuma kidogo, tuone jinsi mizigo ilivyosafiri katika nchi hii kabla ya motokaa.

Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanya biashara mashuhuri wa safari ndefu katika Afrika Mashariki. Misafara yao ya pembe za ndovu ilitoka Kitui, ikapita nyika kavu, ikafika Mombasa. Mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi, ambaye mwaka 1849 alimkaribisha kwake mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf; na ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf alipouona Mlima Kenya. Mizigo ya misafara ya pwani na bara ilichukuliwa mabegani na vichwani mwa watu, na kipimo chake cha kawaida kilikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kipimo hicho hakikuandikwa na bunge lolote. Kiliwekwa na shingo ya binadamu, ambayo haipokei rushwa. Pembe iliyozidi hapo ilifungwa kwenye mti, wakaichukua watu wawili.

Tazama pia namna mzigo ulivyobebwa, maana hapo pana elimu. Mama wa Kikamba anayepanda mlima na mtungi wa maji huufunga mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso, nao huitwa mukwa. Mtungi hukaa kiunoni, karibu na mwili, na mchukuzi huinama mbele. Mwanamke wa pwani huweka mtungi wake kichwani, na huenda nao kwa madaha kwenye njia tambarare ya mchanga. Umwambie huyu wa pwani apande nao vilima vya Mbooni baada ya mvua, na bila shaka ataushusha. Uzito wa maji ni ule ule katika mitungi yote miwili. Kilichobadilika ni kimo chake kutoka ardhini.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza kukata njia ya mikokoteni kutoka Mombasa kuelekea bara. Njia hiyo ilifikishwa Kibwezi, na mwaka 1895 Kapteni Sclater akaiendeleza kutoka hapo kuelekea Uganda. Gari la ng'ombe lilichukua mzigo wa watu wengi, lakini halikutawala muda mrefu, kwani mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na mwaka 1899 reli ikafika Nairobi, baada ya kupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Wahandisi waliipa reli hiyo upana wa meta 1 tu kati ya chuma na chuma. Njia nyembamba ilikuwa rahisi kuijenga, nayo iliweza kujipinda penye kona kali za milima. Lakini behewa linalosimama juu ya upana wa meta 1 haliwezi kukimbia sana bila hatari. Reli mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 ina upana wa milimita 1,435, na ndiyo sababu mojawapo ya treni yake kwenda kasi kuliko ile ya kwanza. Nakuomba uuweke moyoni upana huu, maana tutauhitaji tutakapofika kwenye lori.

Malori ya kwanza yaliyozoeleka na wazee wetu yalikuwa madogo. Katika miaka ya 1950 na 1960 Bedford ya tani 5 au 7 ilihesabiwa kuwa gari la kutosha, na barabara ya Mombasa ilikuwa bado na sehemu nyingi za vumbi na kokoto. Sheria ya Trafiki ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Haikupita miaka mingi tangu hapo ulimwengu wa mizigo ukabadilika ghafula, na mabadiliko hayo yalianzia mbali. Tarehe 26 Aprili 1956 meli moja iitwayo Ideal X ilitoka Newark, Marekani, ikielekea Houston, ikiwa na masanduku 58 ya chuma sitahani. Mwenye shauri hilo, Malcolm McLean, alikuwa mwenye malori. Alikuwa amechoka kuona mizigo ikishushwa gunia kwa gunia. Sanduku lake, tunaloliita kontena, baadaye lilifika Mombasa, na pamoja nalo yakaja malori marefu ya trela ambayo leo huyaona Emali na Kibwezi mchana na usiku. Kontena la kawaida lina kimo cha meta 2.6 hivi. Liweke juu ya jukwaa la trela, na paa lake litapita kimo cha meta 3.8 kutoka barabarani. Jambo baya zaidi ni kwamba dereva hajui kilichomo. Kontena limefungwa kwa lakiri. Pengine vitu vizito vimepangwa upande mmoja, au juu, naye ataligundua hilo kwenye kona.

Sasa turudi kwenye makaa yangu. Kila kitu kina nukta moja ambayo tunaweza kuiwazia kana kwamba uzito wake wote umekusanyika hapo. Tuiite kitovu cha uzito. Lori likiwa limesimama sawasawa, kitovu hicho huwa katikati, baina ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Likiinama, kitovu huhamia upande mmoja. Na kikisha kupita nje ya mstari wa magurudumu ya upande huo, hakuna nguvu ya dereva wala ya dua itakayolirudisha. Penye kona lori huinama hata kama barabara ni sawa, maana mwili wake wataka kwenda mbele moja kwa moja, huku matairi yakiuvuta upande. Kadiri kitovu kilivyo juu, ndivyo kinavyopata nafasi ya kulipindua. Na kadiri magurudumu yalivyotengana, ndivyo yanavyolizuia.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuwe na malori mawili yanayofanana, kila moja tani 6 likiwa tupu, kitovu chake kikiwa sentimeta 90 juu ya ardhi, na magurudumu yake yakitengana meta 1.8. Jukwaa la mzigo liko kimo cha meta 1.2, urefu wake ni meta 7 na upana meta 2.4. Lori la kwanza lipakie tani 8 za mchanga mkavu kutoka mto wa Makueni. Mchanga huo ni meta 5 za ujazo tu, nao utalala juu ya jukwaa kwa kina cha sentimeta 30. Lori la pili lipakie tani 8 za makaa ya Kitui, yaani magunia 200 ya kilo 40. Magunia hayo yatapanda meta 2 juu ya jukwaa. Mizani itasema malori haya ni sawa: kila moja tani 14. Lakini kitovu cha lori la mchanga, likiwa na mzigo wake, kiko kimo cha meta 1.16, na cha lori la makaa kiko meta 1.64.

Yapeleke yote mawili kwenye kona tambarare ambayo, kama ingeendelea kuzunguka, ingefanya duara lenye nusu kipenyo cha meta 60. Kwa hesabu, lori la makaa litapinduka likifika mwendo wa kilometa 65 kwa saa, na la mchanga likifika kilometa 77. Mwenye tamaa akiongeza magunia yawe 300, hata rundo likawa meta 3, lori litapinduka kwenye kilometa 57. Nawe ujue kwamba hesabu hii ni ya lori lililoundwa kwa jiwe. Lori la kweli lina springi zinazobonyea na matairi yanayolegea, na magunia husogea. Kwa hiyo huanguka kabla ya mwendo huo kufika. Dereva wetu wa zamani huenda hakuwa anakwenda hata kilometa 50.

Angalia tena hesabu hiyo utaona ajabu moja. Ukiongeza mchanga mara mbili, uwe tani 16, lori litakuwa limezidi uwezo wake kabisa, na sheria italikamata. Lakini mwendo wa kulipindua utashuka kutoka kilometa 77 hadi 72 tu. Katika kanuni ya kupinduka uzito wenyewe hujifuta, ukabaki upana na kimo. Ndiyo maana mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani, "Basi mwalimu, kwa nini serikali inapima uzito na haipimi kimo cha kitovu?" Lilikuwa swali jema, nami nilimjibu kwamba kimo cha mzigo hakikusahauliwa na sheria, lakini uzito una makosa yake mengine, na makosa hayo hayatendeki kwenye kona peke yake.

La kwanza ni breki. Barabara ya kutoka Nairobi hushuka tangu nyanda za juu mpaka bahari, na katika Makueni hushuka kwenye miteremko ya Salama, jina ambalo wasafiri wengi hulitamka kwa uchungu. Lori la tani 40 likishuka mteremko ambao mwisho wake uko meta 100 chini ya mwanzo, bila kuongeza mwendo, nguvu yote ya kushuka huko lazima igeuke joto. Kama dereva ameiachia breki kazi yote, joto hilo latosha kuchemsha lita 125 za maji ya kawaida, yaani mitungi sita ya plastiki ya lita 20 na zaidi. Wewe uliyelelewa Kitui unajua mitungi sita ni mzigo wa punda wangapi, na kuni kiasi gani zingehitajika kuichemsha. Joto hilo lote huingia katika vyuma vichache vya breki kwa dakika chache. Vyuma vikipata moto kupita kiasi, breki hulegea, na dereva hukanyaga asipate kitu. Kwa hiyo dereva hodari hutia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, akaiachia injini kazi ya kulizuia gari. Akingoja mpaka katikati ya mteremko, pengine gia haitaingia tena. Lori hilo hilo likiwa na tani 20 lingetoa joto nusu yake. Hapa uzito haujifuti hata kidogo.

La pili ni barabara yenyewe. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois. Walijenga njia za kuzunguka, wakaamuru malori ya uzito mbalimbali yaendeshwe na askari juu ya njia hizo mchana na usiku, huku wakipima jinsi lami na zege zilivyoharibika. Waligundua kwamba madhara ya ekseli moja hayakui sawa na uzito wake. Hukua takribani kwa kipeo cha nne. Ekseli ikibebeshwa mara mbili, barabara huumia kama mara 16. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikipewa tani 13, mwenye mali hupata faida ya tani 3, na barabara hupata madhara karibu mara 3 ya yale yaliyokusudiwa.

Utasema kwamba hayo ni mambo ya hazina ya serikali, hayahusu usalama. La, msomaji. Nenda kwenye kilima chochote cha barabara ya Mombasa ambako malori yenye shehena hupanda polepole kama kinyonga, uitazame lami. Mara nyingi utakuta mifereji miwili iliyochimbwa na matairi. Lori linapotoka katika mfereji huo ili lipishe au lipite, gurudumu moja huwa chini na jingine juu. Tofauti ya sentimeta 10 yaonekana ndogo. Lakini kwa lori lililojazwa makaa magunia 300, tofauti hiyo husogeza kitovu cha uzito sentimeta 12 kuelekea ukingoni, na safari nzima kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimeta 90. Hivyo lori zito la jana huchimba shimo, na lori refu la leo huangukia humo. Mwenye kosa na mwenye kuadhibiwa hawakujuana.

Kwa sababu hizo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipatana, katika miaka ya 2010, kuwa na sheria moja ya kudhibiti mizigo. Sheria hiyo huhesabu ekseli kwa ekseli: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili za pamoja zenye matairi manne kila moja, na tani 24 kwa ekseli tatu za namna hiyo, na gari zima lisizidi tani 56 hata likiwa na magurudumu mengi namna gani. Kwenye barabara ya Mombasa malori hupimwa Mariakani na Athi River. Mji wa Mlolongo, karibu na mizani ya Athi River, wasemekana kupata jina lake kutokana na safu ya malori yaliyongoja kupimwa. Ni miji michache duniani iliyopewa jina na foleni.

Hata hivyo mizani haziko kila mahali, na malori ya mchanga hayahitaji kupita barabara kuu. Mchanga wa mito ya Makueni ulijenga sehemu kubwa ya Nairobi. Malori yaliingia mtoni kwa njia za ng'ombe, yakapakiwa kwa sepetu na vijana waliolipwa kwa lori, wala si kwa siku. Na kijana anayelipwa kwa lori hana sababu ya kuuliza tani. Mchanga wa mtoni huwa na maji ndani yake, na ule ule ujazo uliokuwa na tani 8 ukiwa mkavu waweza kupita tani 9 ukiwa umelowa. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, kwa kuwa visima vya mtoni vilianza kukauka. Mwaka 2018 Kaunti ya Kitui nayo ilipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga wa kupelekwa nje, na mapema mwaka huo lori moja la makaa lilichomwa moto katika kaunti hiyo. Watu waligombana juu ya miti na maji. Ya kwamba malori yale yale yalikuwa yakipinduka kwenye kona halikutajwa sana, nami nafikiri ni kwa sababu waliokufa humo walikuwa matingo na vibarua.

Naomba nisimame kidogo hapa nimtetee dereva. Ni desturi yetu, ajali ikitokea, kumlaumu yeye kwanza. Lakini mara nyingi mzigo huamuliwa na mwenye gari, hupakiwa na vibarua, hufungwa na utingo usiku, na dereva huamshwa alfajiri akaambiwa aende. Akikataa, wako wengine watano langoni wanaotaka kazi. Nimewafundisha watoto wa madereva wa namna hiyo, na nimeona jinsi mtoto anavyonyamaza darasani baba yake anapochelewa siku mbili.

Mizigo mingine ina hila yake. Ng'ombe na ngamia wanaoletwa kutoka Garissa kupitia Mwingi ni mzigo wenye miguu: penye kona wote huegemea upande mmoja kwa pamoja, na kitovu cha uzito hutembea. Mafuta ni mabaya zaidi. Tangi lililojaa kabisa hutulia, na tangi tupu ni jepesi; lakini lililojaa nusu lina bahari ndani yake. Dereva akikunja kona, mafuta huupanda ukuta wa tangi, na akinyoosha usukani hurudi kwa kishindo upande wa pili. Ndiyo maana matangi hugawanywa kwa vyumba na kutiwa kuta za matundu za kuvunja mawimbi. Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, na shehena kubwa ikahama kutoka barabarani kwenda chini ya ardhi ya Makueni. Bomba nalo lina ajali zake, kama wanavyojua watu wa Thange, karibu na Kibwezi, ambao mwaka 2015 waliona mafuta yakitoka katika maji yao. Lakini malori ya mafuta hayakwisha. Tarehe 31 Januari 2009 mojawapo lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo; wanakijiji wakaja na ndoo kuteka petroli, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kupinduka kulikwisha kwa dakika moja. Kilichoua ni kile kilichofuata. Nawe unayeishi kando ya barabara ulijue jambo hili kuliko mtu wa mjini, kwa maana ndoo zitatafutwa nyumbani kwenu.

Kuna dhana moja zaidi ambayo ni lazima tuiguse, nayo ni kwamba gari kubwa haliogopi maji. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililokuwa na waimba kwaya na wasafiri wengine waliokuwa wakienda harusini Nuu, katika upande wa Mwingi, liliingia katika mto Enziu uliokuwa umefurika, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Watu walistaajabu kwamba chombo kikubwa namna ile kiliweza kuzolewa. Lakini kila meta moja ya ujazo wa maji ambayo gari limeisukuma kando hulinyanyua gari kwa nguvu ya tani 1. Basi lenye urefu wa meta 10 na upana wa meta 2.5, maji yakisha kufika kwenye sakafu yake, hupunguziwa tani 2.5 kwa kila sentimeta 10 yanazoongezeka, kabla hayajaingia ndani. Maji yakiwa sentimeta 40 juu ya sakafu, basi la tani 10 halina uzito wowote wa kuyashikiza matairi chini. Ubavu wake mpana, ambao jana ulikuwa fahari ya mwenye gari, sasa ni tanga mbele ya mto. Hapa ukubwa unamsaidia adui.

Huenda utauliza kwa nini mizigo mizito isirudi yote kwenye reli. Jambo hilo lilijaribiwa. Reli mpya ilianza kuchukua shehena mwaka 2018, na Agosti 2019 agizo lilitoka kwamba makontena ya kwenda bara yapakiwe kwenye treni. Mombasa watu waliandamana, na katika miji ya barabarani, Mtito Andei, Makindu, Emali, wenye mikahawa, nyumba za kulala na karakana za matairi walihesabu hasara. Wanafunzi wenzangu wa zamani walioishi kwa kuwauzia madereva chai na chapati waliona usiku ukiwa kimya kwa mara ya kwanza. Septemba 2022 serikali mpya iliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini Mombasa, na malori yakaongezeka tena. Sina haki ya kumwambia mama anayelisha watoto wake kwa chapati hizo kwamba angefurahi malori yaishe. Wala sina haki ya kumficha kwamba kibanda chake kiko hatua sita kutoka ukingo wa lami, chini ya mteremko.

Darasani kwangu tunalo jaribio ambalo waweza kulifanya jioni ya leo. Chukua ubao mfupi, na vibweta viwili vya viberiti vilivyo tupu. Kimoja kitie mchanga, ukilaze. Cha pili kitie vipande vya makaa, ukisimamishe wima juu ya ncha yake. Bandika ukanda mdogo wa karatasi ngumu mbele yao ili visiteleze, kisha inua upande mmoja wa ubao polepole, huku mwenzako akipima pembe. Andika kila mara kibweta kinapoanguka. Halafu weka kile cha mchanga nacho kisimame wima, urudie. Wanafunzi wangu hubishana kila mwaka juu ya matokeo ya mara hii ya pili, wakidhani mchanga utashinda kwa kuwa ni mzito.

Siku hizi lami imefika pia kwenye njia ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui kupitia Ikutha na Mutomo, na kuendelea mpaka Migwani. Kona niliyoanguka nikiwa mtoto imenyooshwa, nami nilipopita mwaka jana sikuweza kupatambua. Malori makubwa ya Mombasa, ambayo watu wa Mutomo waliyaona zamani walipokwenda Kibwezi tu, sasa hupita mbele ya milango yao kwa mwendo ambao barabara ya vumbi haikuwaruhusu. Nilisimama Ikutha kunywa chai. Lori la magunia lilipita, limeinama kidogo upande wa kushoto, na juu yake, mahali pangu pa zamani, walikaa vijana wawili wenye sare za shule. Mmoja alinipungia mkono.